UZI: Nimetengeneza kreni ya kamera ya mita 3 kwa shilingi 149,000 hapa Mwanza. Karibuni tuichambue kiungo kwa kiungo

#1 Kamera ya Ziwani

Wadau, habari za majukumu.

Mimi napiga video za kwaya na harusi hapa Mwanza. Aliyewahi kufanya kazi na kwaya anaijua ile shoti ambayo kila mwenyekiti wa kwaya anaiomba: kamera ianzie chini kwenye miguu inayocheza, ipande taratibu ipite kwenye nyuso, imalizie juu, waimbaji wote wakiwa wameenea kwenye mawe na ziwa likionekana nyuma yao. Miaka miwili nimeitafuta shoti hiyo nikiwa juu ya ngazi, kijana wangu kaishikilia ngazi, mimi nimeinua stabilaiza kwa mikono miwili. Inapanda mita moja basi. Mikono ikichoka picha inatetemeka, na inatetemeka pale pale wimbo unapofika kileleni.

Kreni ya kukodi kutoka Dar, yaani mkono mrefu unaoinua kamera, ukiweka na usafiri, inakula malipo ya wimbo mzima. Nikaamua kujitengenezea. Imenichukua wiki tatu, nimekosea mara mbili na kukata upya, na sasa ni mwezi wa nne iko kazini. Naandika yote hapa kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili sikuyapata.

Naliweka mbele jambo kubwa nililojifunza: usianze na urefu. Kila niliyemwambia naunda kreni swali lake la kwanza lilikuwa "ya mita ngapi?" Hela na akili zipeleke kwenye viungo. Kama beringi mbili za egemeo, pale mkono unapobembea, zimeachana sentimita 10, na pana ulegevu wa nusu milimita tu, huko mbele kwenye kamera, mita mbili na robo kutoka hapo, ule ulegevu umeshazidi sentimita moja. Mtazamaji anauona.

Mkono mkuu ni skwea paipu ya chuma ya 50 kwa 25, unene milimita 1.5. Isimamishe, yaani upande wa 50 uwe wima, ukiilaza inapinda. Paipu moja ina mita 6. Nimekata mita 3 za mkono, na kipande kilichobaki kimetoa miguu mitatu ya stendi ya sentimita 90 kila mmoja. Kimebaki kipande cha sentimita 30 tu. Egemeo liko mita 2.25 kutoka mbele na sentimita 75 kutoka nyuma.

Chini ya mkono mkuu kuna paipu ya pili nyembamba, 20 kwa 20, inayokwenda sambamba nao kutoka kwenye nguzo ya egemeo hadi kwenye kibao cha kamera. Hii ndiyo roho ya kreni. Bila hiyo, mkono ukipanda kamera inatazama mbinguni, ukishuka inatazama udongo. Ikiwepo, paipu mbili na vibao viwili vya wima vinakuwa pembenne ambayo pande zake zinazoelekeana zinabaki sambamba daima, kwa hiyo kibao cha mbele kinabaki wima muda wote na kamera haiinami.

Ila itakubali tu kama matundu yamelingana. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilipima paipu moja, nikatoboa, nikapima ya pili, nikatoboa. Zilipishana milimita 4. Kamera ikipanda ilikuwa inainamisha kichwa kidogo kidogo, upeo wa ziwa unashuka kwenye kioo kama mtu anayesinzia. Dawa yake: laza paipu zote mbili pamoja, zibane kwa klampu mbili, kisha pitisha drili mara moja kwenye zote. Halafu fanya vivyo hivyo kwa vibao viwili vya wima. Tundu lililopita mahali pamoja haliwezi kupishana.

Kuzunguka kulia na kushoto nimetumia shingo ya baiskeli. Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, nikanunua fremu ya Phoenix iliyovunjika, fundi akakata shingo pamoja na foko. Mle ndani kuna gololi juu na chini, zimeundwa kubeba mtu na gunia la mkaa kwenye barabara mbovu. Uzito wa kreni hauzisumbui.

Bei za siku niliyonunua mimi: paipu kubwa 30,000, ndogo 15,000, beringi mbili za egemeo 8,000, beringi sita ndogo za viungo vingine 6,000, boliti, nati na washa 9,000, shingo ya baiskeli 7,000, kukereza nyumba za beringi 15,000, kuchomelea 40,000, waya na kikazio chake 8,000, saruji 5,000, rangi 6,000. Jumla 149,000. Makopo ya uzito wa nyuma, ule unaosawazisha kamera, niliokota kwenye jengo.

Ulizeni, nitajibu kila kitu ninachokijua.

#2 Nyundo na Tindo

Mkuu, heshima kwako. Mimi ni mchomeleaji, nimeshawahi kuletewa kazi ya namna hii na kijana mmoja, tukaitengeneza ikagoma: ukisukuma mkono unakwama, halafu unaachia ghafla. Tulitumia boliti tu inayopita kwenye tundu, beringi hatukuweka. Wewe umetumia namba gani, na umezifungaje kwenye skwea paipu? Maana paipu ya milimita 1.5 ukikaza boliti inabonyea.

#3 Kamera ya Ziwani

Mkuu Nyundo, umegusa penyewe. Boliti kwenye tundu tupu ndiyo inayokwama na kuachia. Chuma kinasuguana na chuma, na kuanza kukisukuma kunataka nguvu kuliko kuendelea. Kwenye picha unaona kamera inaruka mwanzoni mwa kila shoti.

Egemeo lina beringi mbili namba 6201, tundu lake milimita 12, nje 32, upana 10. Zinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki, na boliti ya milimita 12 inaingia bila kulazimisha. Viungo vitatu vilivyobaki nimeweka 608, zile za skets za watoto, tundu milimita 8. Mbili kila kiungo, ndiyo sita.

Beringi hazikai ndani ya paipu. Zinakaa kwenye mabamba ya pembeni, kila bamba lina nyumba yake iliyokerezwa. Boliti inapita kwenye bamba, inapita kwenye paipu, inatokea bamba la pili. Ndani ya paipu, kwenye njia ya boliti, nimechomelea kipande kifupi cha bomba nene kinachoziba upana wote wa milimita 25. Sasa ukikaza, unakaza juu ya kile kipande. Paipu haibonyei.

Kosa langu la pili lilikuwa hapo hapo. Fundi alichomelea nyumba ya beringi ikiwa na beringi yake ndani. Moto uliyeyusha kifuniko cha mpira, grisi ikatoka inachemka, na ilipopoa beringi inazunguka kwa kukwaruza, ukiishika mkononi unasikia kama mchanga. Nilinunua nyingine. Chomelea nyumba kwanza, iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji, kisha gonga beringi taratibu kwa kipande cha bomba kinachogusa ringi ya nje tu.

Nati za viungo tumia zile zenye plastiki ndani. Kreni inacheza siku nzima, nati ya kawaida inalegea.

#4 Shoti Moja

Kwa nini usinunue droni mkuu? Siku hizi kila harusi ina droni.

#5 Kamera ya Ziwani

Droni ninaiheshimu, naikodi kwa shoti za mbali. Lakini droni inataka vibali, na haiingii ukumbini wala kanisani, na mapanga yake yanapuliza vilemba vya akina mama. Tena kazi ya kwaya kwangu iko kwenye mita tatu za kwanza kutoka ardhini: macho, midomo, mikono inayopanda pamoja. Mtu akiimba kwa hisia, kitu kinacholia kama nyuki mbele ya uso wake kinamtoa kwenye wimbo. Kreni inapita kimya. Mzee mmoja wa sauti ya nne aliimba ubeti mzima machozi yakimtoka, kamera ikiwa hatua moja kutoka usoni pake, na baadaye aliniuliza mbona sikumpiga picha.

#6 Mwl. Nyenzo

Nimefurahi sana kuuona uzi huu. Nafundisha fizikia sekondari na nyenzo ni mada ninayoipenda. Naomba nikuulize, ndugu Kamera ya Ziwani: uzito wa nyuma uliupataje? Maana wengi wanasema, mbele ni mara tatu ya nyuma, basi uzito uwe mara tatu ya kamera. Kamera na kichwa chake kilo 3, weka kilo 9. Je, ilikubali?

#7 Kamera ya Ziwani

Mwalimu, haikukubali hata kidogo. Nilianza na kilo 9, mbele ikalala chini kama haina habari. Nikawa naongeza madumu ya maji, maana lita moja ni kilo moja, unajua umeweka ngapi. Ilitulia kwenye kilo 17 na ushei. Kwa nini hasa, sikuweza kueleza.

#8 Mwl. Nyenzo

Asante, hicho ndicho nilichotarajia, na ningependa vijana waone sababu yake.

Mkono wenyewe una uzito. Paipu ya 50 kwa 25 yenye unene wa 1.5 ina takriban kilo 1.7 kwa mita. Tuhesabu momenti, yaani kilo mara mita kutoka kwenye egemeo.

Kamera: kilo 3 mara 2.25, ni 6.75.

Mkono mkuu: upande wa mbele una kilo 3.83, na uzito wake tunauhesabu katikati yake, mita 1.125. Hiyo ni 4.3. Upande wa nyuma unasaidia kidogo, kama 0.48. Ukitoa, inabaki 3.8.

Paipu ndogo ya chini: kama ni ya unene wa 1.2 ina kilo 1.6 hivi kwa urefu wa mita 2.25, mara 1.125, ni 1.8.

Jumla 12.35. Kama umening'iniza uzito sentimita 70 nyuma ya egemeo, gawanya kwa 0.7, unapata kilo 17.6.

Hesabu na madumu yake ya maji vimekubaliana. Tazameni sasa: karibu nusu ya uzito wa nyuma haibebi kamera, inabeba chuma cha mkono. Ndiyo maana anasema usianze na urefu. Ukirefusha mkono mara mbili, momenti ya mkono wenyewe inazidi mara nne, kwa sababu umeongeza uzito na umbali kwa pamoja. Na kupinda kwa ncha kwa mzigo ule ule wa kamera kunazidi mara nane.

Jambo la pili linanifurahisha zaidi. Ile pembenne ya paipu mbili mmeshaiona tangu utotoni, ipo dukani. Mizani ya sahani mbili inayokaa kwenye kaunta, ambayo muuzaji anaweka jiwe upande huu na sukari upande ule, chini ya sahani zake ina mikono miwili sambamba kama hii. Aliyeibuni ni Mfaransa, Gilles Personne de Roberval, mwaka 1669. Sifa yake ni kwamba hata ukiweka sukari ukingoni mwa sahani badala ya katikati, kipimo hakibadiliki. Kwenye kreni maana yake ni hii: ukisogeza kamera mbele ya kibao sentimita 15 kwa sababu lenzi ni kubwa, usawa wa mkono haubadiliki. Uzito ukiwa ule ule, unabaki na kilo zile zile nyuma.

#9 Kamera ya Ziwani

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Hilo la kusogeza kamera nilikuwa naliona kwa macho, nabadilisha lenzi inatoka mbele zaidi na mkono umetulia tu, nikawa najiuliza. Mungu akubariki. Kesho naenda kuitazama mizani ya mangi wa mtaani kwangu.

#10 Binti Unguja

Assalam alaykum. Hongera kaka. Mimi niko Unguja, napiga picha za harusi na mahoteli. Nina maswali mawili. La kwanza, huku chumvi inakula chuma, miezi sita tu kitu kina kutu. Alumini itafaa? La pili, fukweni upepo ni mkali, hasa wakati wa kusi. Mkono mwepesi hautayumba?

#11 Kamera ya Ziwani

Waalaykumu salaam dada. Alumini inafaa sana, na kwa pwani ningechagua hiyo. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini, wana paipu za 50 kwa 25 na vipande vilivyobaki. Ina theluthi moja ya uzito wa chuma. Lakini usimruhusu mtu aichomelee kama hana mashine na uzoefu wa alumini, itatoboka. Funga kwa boliti na mabamba. Na pale boliti ya chuma inapogusa alumini penye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa ya plastiki katikati na upake grisi.

Kuhusu upepo, naomba Mwalimu aseme kuhusu uzito. Mimi nimefungia waya wa chuma juu ya mkono, kutoka ncha ya nyuma, unapita juu ya kijiti cha sentimita 40 kilichosimama juu ya egemeo, hadi ncha ya mbele, na kikazio katikati. Unazuia mkono kuinama katikati. Kuyumba pembeni ni kitu kingine. Kwa hilo fungia waya mbili ubavuni, kila upande mmoja, zikipita kwenye vijiti vifupi vya mlalo.

#12 Mwl. Nyenzo

Kwa alumini ya vipimo vile vile na kamera ile ile, dada, uzito wa nyuma unashuka hadi kilo 12 na nusu hivi. Umeokoa kilo tano za kubeba ufukweni. Ila upepo hausukumi uzito, unasukuma eneo. Mkono mwepesi wenye eneo lile lile unasukumika kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo stendi iwe na miguu mipana, na mifuko ya mchanga juu ya kila mguu. Mchanga kwenu haununuliwi.

#13 Jua Kali Msanifu

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nilikuwa nimeanza yangu, vyuma nilitoa Kamukunji, lakini nilikwama pale kwa kichwa. Kamera yangu haitaki kukaa imara. Nimeweka boliti ya milimita 6, inaingia mizunguko miwili hivi halafu inacheza. Nikikaza inateleza. Shida ni nini?

#14 Kamera ya Ziwani

Ndugu, simama hapo hapo, usikaze tena. Tundu lililo chini ya kamera si la milimita 6. Ni la robo inchi, lenye meno 20 kwa inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na nafasi ya meno ni 1.27, wakati ya boliti ya milimita 6 ni 1. Ndiyo maana inaingia mizunguko miwili halafu inaanza kukata meno ya kamera. Ukiendelea utayala yote na kulitengeneza tundu la kamera ni gharama.

Nenda duka la vifaa uombe boliti ya robo inchi. Za zamani za Kiingereza zenye meno 20 kwa inchi zinaingia pia. Urefu angalia sana: ikizama zaidi ya milimita 5 au 6 ndani ya kamera inaweza kugonga chini ya tundu na kuivunja. Mimi nimeikata kwa msumeno wa chuma, nikaipiga tupa, na nimeweka washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kati ya kibao na kamera. Mpira unashika, kamera haizunguki. Vichwa vikubwa vya traipodi vyenyewe vinatumia tundu la inchi tatu kwa nane, hiyo ni boliti nyingine.

Na weka kamba ya usalama. Kamba fupi ya nailoni kutoka kwenye pete ya mkanda wa kamera hadi kwenye mkono wa kreni. Boliti ikikatika, kamera inaning'inia, haimwangukii mtu.

#15 Jua Kali Msanifu

Asante sana, nimeitoa. Meno mawili ya kwanza yameharibika lakini ya ndani ni mazima. Kesho natafuta ya robo inchi.

#16 Nyundo na Tindo

Mkuu, tueleze na uzito umeutengenezaje. Madumu ya maji kwenye harusi hayapendezi.

#17 Kamera ya Ziwani

Madumu ni ya kupimia tu. Maji pia yanacheza ndani, mkono unayumba. Baada ya kujua kilo, nilichukua makopo ya rangi ya lita 4, nikasimamisha kipande cha bomba katikati, nikajaza zege. Kopo moja linatoka na kilo 9 na nusu hivi. La pili sikulijaza lote, nikapima kwa mizani ya dukani hadi kilo 8. Yanaingia kwenye fimbo ya chuma iliyochomelewa nyuma ya mkono na kufungwa kwa pini. Yamepakwa rangi nyeusi. Kilo moja moja za mwisho nina mifuko midogo ya mchanga, kwa sababu nikibadilisha lenzi uzito unabadilika.

Usawa wenyewe upime hivi: achia mkono ukiwa mlalo, ubaki pale. Inua, achia, ubaki. Shusha, achia, ubaki. Kidole kimoja kinatosha kuusukuma. Kama unalazimika kutumia mkono mzima, picha haitakuwa laini.

Sasa niseme jambo ambalo nilipaswa kulisema kwenye chapisho la kwanza.

Mwezi wa pili wa kreni hii tulikuwa tunarekodi kwenye mawe, saa kumi na moja jioni, mwanga ule wa dhahabu ambao unakaa dakika ishirini tu. Betri ikaisha. Kijana wangu, kwa kunisaidia tuwahi mwanga, akashusha mkono, akaifungua kamera aitoe. Uzito wa nyuma tulikuwa hatujautoa. Boliti ilipomaliza mzunguko wa mwisho, nyuma pana kilo 17, mbele hapana kitu. Mkono ulifyatuka kwenda juu, kibao cha chuma kikampiga chini ya jicho. Nilisikia sauti yake kabla sijaelewa nini kimetokea. Alishonwa nyuzi tatu. Ingekuwa sentimita mbili juu zaidi, leo angekuwa na jicho moja, na mama yake aliniamini mimi.

Tangu siku hiyo: kufunga, kamera kwanza, uzito baadaye. Kufungua, uzito kwanza, kamera baadaye. Hata kubadilisha betri. Hata mwanga ukiisha. Nimechomelea pia ndoano kwenye stendi, mkono ukishushwa unafungwa kwa mnyororo kabla mtu yeyote hajagusa kamera. Makopo yenyewe nimeandika kwa rangi nyeupe: TOA MIMI KWANZA.

#18 Binti Unguja

Subhanallah. Mpe pole kijana. Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari langu.

#19 Nyundo na Tindo

Pole sana mkuu. Na mimi niongeze la nyaya za umeme. Huku mitaani nyaya zinazoingia kwenye nyumba ziko chini, nyingine mtu mrefu akinyoosha fimbo anazigusa. Kreni ni chuma kitupu na wewe umeishika kwa mikono. Ukimaliza kusimamisha, tazama juu kwanza, zungusha macho duara lote ambalo mkono unaweza kufika. Kama kuna waya ndani ya duara hilo, hama.

#20 Kamera ya Ziwani

Hili lipewe uzito mkubwa. Asante mkuu. Egemeo langu liko mita 1.3 kutoka ardhini, mkono ukiinuka nyuzi 45 kamera inafika karibu mita 2.9. Tena nikiwa juu ya jiwe au jukwaa, inafika kwenye nyaya bila mimi kujua.

#21 Shoti Moja

Nimeelewa sasa kuhusu droni. Swali: kamera ikiwa juu huko unaonaje unachopiga? Na fokasi?

#22 Kamera ya Ziwani

Kuona, nilianza na waya wa HDMI wa mita 5 hadi kwenye skrini ndogo. Sasa nina kile kifaa kidogo cha kunasa picha, unachomeka HDMI upande mmoja na upande mwingine unaingia kwenye simu kupitia USB. Simu inakuwa skrini. Picha inachelewa kidogo, unazoea. Waya ufunge kwenye mkono kwa tepu kila sentimita 30, na pale kwenye kiungo acha mzunguko uliolegea ili usivutwe.

Fokasi ni somo. Kamera haipandi kwa mstari ulionyooka, inapanda kwa upinde. Mkono ukiwa mlalo kamera iko mita 2.25 mbele ya egemeo. Ukifika nyuzi 45 imebaki mita 1.6 hivi. Ina maana wakati inapanda inarudi nyuma sentimita 65 kutoka kwa mwimbaji. Ukiwa umefungua lenzi sana, uso unapotea kwenye ukungu katikati ya shoti. Mimi kwenye kreni natumia lenzi pana, milimita 18 kwenye kamera ya senza ya APS-C, ile ndogo kuliko fremu kamili, nafunga tundu la lenzi hadi f/8, naweka fokasi ya mkono kwenye mita 2. Hapo kila kitu kuanzia mita moja hadi mbali kabisa kiko sawa, wala siigusi tena. Mchana kwenye mawe mwanga upo wa kutosha. Ukumbini usiku ni lazima taa, hakuna njia ya mkato.

#23 Mwl. Nyenzo

Ningependa kuongeza historia kidogo, kwa faida ya vijana wanaodhani vifaa hivi vilishuka tayari kutoka viwandani. Miaka ya 1970 Wafaransa wawili, Jean-Marie Lavalou na Alain Masseron, walitaka kupitisha kamera ndani ya nyambizi, mahali ambapo mpiga picha na kamera yake hawapiti pamoja. Wakaiweka kamera kwenye ncha ya boriti na mtu akabaki nyuma. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa kreni inayoitwa Louma, ambayo mpiga picha anaiongoza akiwa chini. Tatizo lao lilikuwa nafasi, la ndugu yetu ni mawe na hela.

#24 Jua Kali Msanifu

Wadau, nimerudi. Boliti ya robo inchi imeshika kabisa. Nimetoboa paipu zangu upya zikiwa zimebanwa pamoja, na kamera sasa inapanda bila kuinama. Nimepima nyuma ni kilo 19 kwangu, paipu yangu ni nene kidogo. Jana tumepiga video ya kwanza ya vijana wa kanisa letu. Shoti ya mwisho ilipanda kutoka kwa kinanda hadi kwa waimbaji wote, mchungaji akaomba tuirudie aione tena kwa simu.

Shida moja tu imebaki. Nikiushusha chini kabisa, kiungo cha mbele kinalia kwii. Kwa maikrofoni kinasikika.

#25 Kamera ya Ziwani

Hongera sana ndugu yangu, nimefurahi kama ni yangu.

Hicho kilio mara nyingi si beringi. Angalia kama bamba linagusa ubavu wa paipu mkono unapofika chini. Weka washa nyembamba kati ya beringi na paipu, pande zote mbili, igusane na ringi ya ndani tu, isiguse ya nje. Kisha legeza nati robo mzunguko. Kilio kikinyamaza, weka alama ya rangi kwenye nati na boliti, mstari mmoja unaopita kwenye zote mbili, ili kila asubuhi uone kwa jicho kama imesogea.